Mwalimu Anaporudi Jukwaani

Mwaka uliopita, katika mazoezi ya kikundi chetu cha maigizo, alikuja mzee mmoja aliyefundisha Kifaransa katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Alitueleza kwamba alipokuwa kijana aliigiza, kisha akaoa, akapewa darasa, na jukwaa likabaki nyuma. Sasa amestaafu na anataka kurudi. Tulimpa nafasi ya chifu katika mchezo mfupi. Sauti yake ilijaza ukumbi bila shida yoyote. Lakini kila mwenzake alipofungua kinywa, macho ya mzee yalimfuata, midomo yake ikasogea kidogo, na siku ya tatu akamkatiza msichana mmoja katikati ya maneno yake ili amsahihishe kitenzi. Tulicheka sote. Yeye hakucheka. Alikaa pembeni, akafikiri, kisha akasema: "Banangu, niko nakorije, siko nacheza."

Makala haya yametokana na maneno hayo. Sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kuyachukulia kwa uzito, maana wengi wetu tutaishia mbele ya ubao, na miongoni mwetu wapo wanaopenda jukwaa kuliko ubao. Je, miaka ya kufundisha inamharibu mwigizaji, au inamhifadhi? Na anayerudi baada ya miaka 30 anarudi na nini mkononi?

Kuna kisa kimoja kinachofaa kuchunguzwa kuliko vingine, kwa sababu anayehusika hakuwa mwalimu wa sarufi. Alikuwa mwalimu wa uigizaji wenyewe, pengine aliyebishaniwa kuliko wote katika karne ya 20. Huyo ni Lee Strasberg.

Strasberg alizaliwa mwaka 1901 huko Budzanów, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na ambao leo uko Ukraine. Aliletwa Marekani akiwa mtoto, akakulia New York katika mtaa wa wahamiaji maskini. Mwaka 1923 kundi la Theatre ya Sanaa ya Moscow, lililoongozwa na Konstantin Stanislavski, lilifika New York. Strasberg alitazama michezo yao na hakuwa tena mtu yule yule. Kilichomshangaza ni kwamba hata mwigizaji mwenye sehemu ndogo kabisa alionekana kuishi maisha kamili jukwaani. Akaenda kusoma katika shule ndogo iliyofunguliwa na watu wawili wa kundi hilo waliobaki Marekani, Richard Boleslavsky na Maria Ouspenskaya. Jina la Ouspenskaya tulikumbuke, nitalirudia.

Kwa miaka michache Strasberg aliigiza. Mwaka 1931 alicheza sehemu ya mchuuzi anayezunguka na bidhaa zake katika Green Grow the Lilacs, mchezo ambao baadaye uligeuzwa kuwa tamthilia ya nyimbo Oklahoma! Mwaka huo huo, pamoja na Harold Clurman na Cheryl Crawford, alianzisha Group Theatre, na tangu hapo kazi yake ikawa kuongoza wengine na kuwafundisha. Mwaka 1951 alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Actors Studio, karakana iliyoanzishwa mwaka 1947 na Elia Kazan, Cheryl Crawford na Robert Lewis. Humo, katika jengo lililokuwa zamani kanisa la Wapresibiteri, waigizaji walikuja kila Jumanne na Ijumaa kuonyesha kazi, na Strasberg akaketi mbele, akatazama, kisha akazungumza. Alizungumza sana. Vikao vilirekodiwa kwenye kanda, na ukisoma vile vilivyochapishwa unaona mtu anayeweza kuchukua dakika 20 kueleza kwa nini mkono wa kushoto wa mwigizaji ulikuwa umekakamaa.

Alifundisha nini hasa? Kwanza kulegeza mwili. Mwanafunzi aliketi kwenye kiti cha kawaida, akatafuta mahali ambapo misuli imekaza: shingo, taya, pembeni mwa macho. Strasberg aliamini kwamba mkazo wa mwili ndio adui wa kwanza, kwa sababu mtu aliyekaza mwili anaweza kufikiri jambo moja na kuonyesha lingine. Kisha kumbukumbu ya milango ya fahamu. Mwanafunzi alishika kikombe cha kahawa kisichokuwepo na kutafuta upya uzito wake, joto lake, na mahali hasa ambapo vidole vinagusa. Hakutakiwa kuigiza kwamba anakunywa. Alitakiwa angoje mpaka joto lirudi. Mwisho, zoezi lililoleta ugomvi wote, ni kumbukumbu ya hisia. Wazo lake lilitoka kwa mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot, Stanislavski akalichukua, Strasberg akaliweka katikati ya mafundisho yake. Mwigizaji anakumbuka tukio la zamani katika maisha yake mwenyewe. Haanzi na huzuni. Anaanza na vitu vilivyokuwepo: rangi ya pazia, harufu ya chumba, kitambaa cha nguo. Vitu vikirudi, huzuni nayo inarudi yenyewe.

Si wote waliokubali. Mwaka 1934 Stella Adler, mwigizaji wa Group Theatre, alikutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris na kufanya kazi naye kwa wiki kadhaa. Aliporudi alieleza kwamba mzee wa Moscow hakuweka tena kumbukumbu ya hisia mbele. Aliweka mbele matendo, hali za mchezo na nguvu ya kuwaza. Strasberg hakubadilika. Kundi likagawanyika. Kuanzia hapo Adler akafundisha njia yake, Sanford Meisner njia yake, na Strasberg akawa na maadui waliosoma naye chumba kimoja.

Nimeeleza haya kwa urefu ili ieleweke alikuwa anahatarisha nini. Mwaka 1964 aliongoza mchezo wa Chekhov, Dada Watatu, huko New York; ulipopelekwa London mwaka uliofuata ulipokelewa vibaya mno. Waliompinga walipata la kusema: huyu anajua kuzungumza juu ya kazi, kuifanya hajui. Lawama ya namna hiyo sisi tunaijua. Hapa kwetu mwalimu wa fasihi huulizwa, nusu kwa mzaha, riwaya yake mwenyewe iko wapi.

Kisha, akiwa na miaka zaidi ya 70, akakubali kuingia mbele ya kamera. Filamu ni The Godfather Part II ya Francis Ford Coppola, ambayo kwetu wengi wanaijua kwa jina la Le Parrain 2, iliyotoka mwaka 1974. Coppola alimfikiria kwanza Elia Kazan kwa nafasi ya Hyman Roth, mzee wa uhalifu anayeishi Miami kama mstaafu wa kawaida. Kazan alikataa. Al Pacino, aliyekuwa mwanachama wa Actors Studio na ndiye Michael Corleone katika filamu, alimpendekeza mwalimu wake. Strasberg alisitasita kabla ya kukubali.

Ukiitazama filamu ukiwa unajua historia hii, unaona mambo ambayo mtazamaji mwingine anaweza kuyapita. Roth anaishi katika nyumba ndogo, anatazama mpira wa Kimarekani kwenye televisheni, mke wake anaandaa chakula. Hakuna kinachotisha. Mzee anazungumza juu ya afya yake kama wazee wote. Strasberg hafanyi kitu chochote kikubwa. Sauti iko chini, mikono inatulia, anasikiliza. Tofauti na chifu wetu, macho yake hayamfuati mwenzake kwa kumsahihisha. Yanamfuata kwa kumpima, na hilo ndilo Roth angelifanya. Tabia ya mwalimu haikuondolewa; imepewa kazi ndani ya mchezo.

Halafu kuna tukio la Havana. Roth ni mgonjwa, yuko na Michael chumbani, na anaanza kusimulia juu ya rafiki wa ujana wake, kijana aliyejenga mji wa kamari katikati ya jangwa, kisha akauawa. Roth anasema hakuuliza aliyetoa amri. Anaanza taratibu kama mtu anayekumbuka mambo ya kawaida. Polepole pumzi inabadilika, sauti inapanda, na tunagundua kwamba kumbukumbu hii imekaa ndani yake miaka yote na anajua kabisa kwamba familia ya mtu anayemtazama inahusika. Hakuna machozi. Kuna mzee anayezuia kitu kwa nguvu zake zote. Sijui Strasberg alikuwa anakumbuka nini katika maisha yake alipokuwa anacheza tukio hilo, wala hainihusu. Lakini sioni mfano bora wa alichokuwa akihubiri kwa miaka zaidi ya 40: kwamba hisia huja kwa njia ya pembeni, kupitia vitu na majina, na mwigizaji mzuri huizuia kuliko anavyoisukuma.

Jambo jingine. Wakati wa kupiga filamu Strasberg aliugua. Coppola hakumficha wala hakumbadilisha. Aliandika upya sehemu ili Roth naye awe mtu mwenye afya dhaifu. Hapa tunagusa jibu la kwanza kwa mzee wetu. Mwigizaji kijana huombwa afiche mwili wake nyuma ya mhusika. Anayerudi uzeeni hawezi, wala hahitaji. Pumzi fupi, mwendo wa polepole, namna ya kukaa kwenye kiti ili goti lisiume, hayo yote ni maarifa ambayo kijana wa miaka 20 anayatafuta kwa mazoezi ya miezi na bado anaonekana kijana aliyepakwa unga kichwani.

Strasberg aliteuliwa kwa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ilichukuliwa na Robert De Niro, kwa filamu hiyo hiyo.

Hakuwa wa kwanza katika njia hii. Maria Ouspenskaya, mwalimu wake, alikuwa na miaka karibu 60 alipoingia Hollywood kwa filamu Dodsworth ya mwaka 1936, akicheza mama mwenye cheo anayemkataa mwanamke asiolewe na mwanawe. Anaonekana dakika chache tu. Ilitosha ateuliwe kwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, katika mwaka wa kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Ni haki kusema kwamba yeye hakuwa ameliacha jukwaa kabisa, na sehemu hiyo alikuwa ameshaicheza New York. Mara nyingi husemwa kwamba aliendelea na filamu ili kupata fedha za kuendesha shule yake. Walimu wa kwetu watamwelewa bila maelezo.

Michael Chekhov ni habari nyingine, na mimi namwona ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Mpwa wa mwandishi Anton Chekhov, alikuwa mwigizaji mkubwa mjini Moscow mpaka alipoondoka Urusi mwaka 1928. Akafundisha huko Dartington, Uingereza, kisha Marekani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya ujana wake. Katika darasa la Stanislavski aliigiza mazishi ya baba yake kwa ukweli uliomfanya mwalimu amkumbatie, akiamini amepata ushahidi wa kumbukumbu ya hisia. Baadaye ikajulikana kwamba baba alikuwa hai. Kijana hakukumbuka, aliwaza. Maisha yake yote alifundisha hivyo: fikra hujenga mtu mwingine nje yako, na mwili, kwa ishara moja iliyochaguliwa vizuri, humwingiza ndani. Mwaka 1945 Alfred Hitchcock alimpa nafasi katika Spellbound, inayojulikana kwa Kifaransa kama La Maison du docteur Edwardes, awe daktari mzee aliyemfundisha mhusika wa Ingrid Bergman. Naye akateuliwa kwa Oscar. Kwa hiyo walimu wawili wenye mafundisho yanayopingana walirudi kuigiza na wote wakafaulu. Wanaobishana juu ya njia ipi ni ya kweli wangepaswa kusimama hapo kwa muda.

Ninamtaja na John Houseman, ingawa yeye harudi, anaanza. Alikuwa mtayarishaji wa michezo, mwenzake Orson Welles, kisha akaanzisha idara ya maigizo katika shule ya Juilliard mwaka 1968. Mwaka 1973, akiwa na miaka 71, alicheza profesa mkali wa sheria katika The Paper Chase, kwa Kifaransa La Chasse aux diplômes, akaipata Oscar ambayo Strasberg angeikosa mwaka mmoja baadaye. Kila mwanafunzi wa Kongo aliyewahi kusimamishwa mbele ya ukumbi uliojaa na kuulizwa swali asilolijua anapaswa kuiona filamu hiyo.

Tuangalie sasa hawa wanne wanafanana wapi. Wamecheza sehemu ndogo, si kuu. Wanaonekana na kuondoka, na filamu inawakumbuka. Wawili kati yao wamecheza walimu waziwazi, na Roth pia ni mwalimu, mwalimu mbaya, anayemfundisha Michael namna ya kungoja. Na mafanikio yao yalikuja kwenye filamu. Hili la mwisho si bahati. Jukwaani mwigizaji hubeba mchezo wote kichwani kwa saa mbili, hutupa sauti hadi safu ya nyuma, na kesho huanza tena. Filamu hukatwa vipande. Mwigizaji hujifunza maneno ya siku hiyo, akikosea, hurudia, kipaza sauti huchukua hata mnong'ono, na kamera ikiwa karibu, wazo linalopita usoni linatosha. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye kumbukumbu inayochoka na uso uliojaa maisha, masharti haya ni mazuri kuliko yale ya ukumbi.

Lakini sisi hapa Lubumbashi hatuna Hollywood, tuna ukumbi, viti vya plastiki na umeme unaokatika. Kwa hiyo mzee wetu atakutana na shida ya maneno. Hapo ninakumbuka kitu kilicho karibu zaidi kuliko New York. Kundi la Mufwankolo, lililoigiza kwa Kiswahili cha mji huu, halikuanza na maandishi. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha hapa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990, Power and Performance, jinsi mchezo mzima ulivyozaliwa mwaka 1986 kutokana na methali moja juu ya utawala. Waigizaji walijadiliana maana yake, wakagawana matukio, wakajaribu, wakabishana tena, na maneno yakapatikana kwa kuyasema. Katika kazi ya namna hiyo, mtu mzima haogopi kusahau mstari, kwa kuwa mstari haupo. Anahitaji kujua anataka nini kwa mwenzake, na kumsikiliza ili ajue la kujibu.

Na kusikiliza ndiko mwalimu anakokupoteza. Ninasema hivyo kwa heshima yote. Darasani tunamsikiliza mwanafunzi tukiwa tayari na jibu sahihi mfukoni. Tunalinganisha alichosema na alichopaswa kusema. Jukwaani hakuna alichopaswa kusema. Strasberg alikuwa na ugonjwa huu kuliko mtu yeyote, miaka 20 na zaidi ya kuketi mbele na kuhukumu. Nafikiri aliokolewa na mambo mawili. Alirudi kwenye zoezi la kwanza, lile la kiti na misuli, ambalo halimhusu mwenzako hata kidogo. Na aliyekuwa mbele yake ni Pacino, mtu ambaye alikuwa ameshamaliza kumsahihisha.

Tulimweleza mzee wetu habari hii ya kiti. Alicheka, akasema kwamba kukaa bila kufanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kisha akakaa. Wiki iliyofuata tulimwondolea nafasi ya chifu, kwa ombi lake mwenyewe, tukampa ya baba mkwe ambaye katika nusu ya mchezo yuko kimya, anasikiliza wengine wakijadili mahari. Anasikiliza vizuri sana sasa. Mara moja moja midomo bado inasogea pale kitenzi kinapoharibika, na watazamaji wanadhani ni baba mkwe anayehesabu mbuzi.

Strasberg aliendelea. Mwaka 1979 alicheza pamoja na George Burns na Art Carney katika Going in Style, hadithi ya wazee watatu wanaochoshwa na benchi la bustani na kuamua kuiba benki. Katikati ya Februari 1982, kwenye sherehe ya waigizaji katika ukumbi wa Radio City huko New York, alipanda jukwaani na kusimama katika mstari wa wacheza ngoma, akirusha miguu pamoja na Pacino na De Niro. Alikuwa na miaka 80. Siku tatu baadaye alifariki.